Nesi Mwenye Lugha Chafu: Somo Yake Nani?

Kila baada ya miezi michache hapa Tanzania hurudi kisa kile kile kikiwa na sura mpya. Mama mjamzito amefokewa chumba cha kujifungulia, au mzee ameachwa kwenye benchi tangu alfajiri na alipouliza akajibiwa kwa kejeli, au ndugu wa mgonjwa amerekodi video ya dakika moja na kufikia jioni nchi nzima imeiona. Kiongozi hukemea, muuguzi husimamishwa kazi kupisha uchunguzi, na baada ya muda si mrefu watumishi wote wa kituo huitwa ukumbini kwa semina ya huduma kwa mteja. Mjadala hufungwa hapo, hadi video nyingine itakapotoka. Katika mzunguko wote huo tunadhani kwamba muuguzi yule ana lugha chafu kwa sababu kuna jambo hakufundishwa, na kwa hiyo tukimwongezea somo la maadili au siku mbili za semina atakuwa sawa. Mimi naona kinyume chake. Lugha ile alifundishwa, tena kwa muda mrefu na kwa bidii, kupitia jinsi yeye mwenyewe alivyosemeshwa na wakufunzi wake chuoni na wauguzi waliompokea wodini. Uhusiano kati ya mwalimu na mwanafunzi wa uuguzi ndio hasa mtaala unaojenga mikono, akili na ulimi wa muuguzi, na ndio sehemu pekee ya mafunzo ambayo karibu hakuna anayeisimamia.

Watu wa mwambao walilijua jambo hili kabla ya vyuo kuwapo. Neno "somo" kwao halikuwa na maana ya kipindi cha darasani peke yake; somo alikuwa pia yule mwanamke aliyekabidhiwa mwari amfunde, akae naye, amsikilize siri zake na amwonye faraghani. Mwari akija kuharibu mambo ukweni, watu hawakumtazama yeye tu. Waliuliza, somo yake nani? Leo tunamwuliza muuguzi jina lake, kituo chake na namba yake ya usajili, lakini swali hilo la zamani hatuliulizi.

Tuangalie jinsi anavyopikwa. Kijana aliyefaulu masomo ya sayansi kidato cha nne, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia, huingia chuoni na kupanda ngazi za NTA, yaani viwango vya tuzo za elimu ya ufundi, kuanzia ya 4 hadi ya 6, miaka mitatu, mpaka stashahada ya uuguzi na ukunga. Mwenzake aliyemaliza kidato cha sita anaweza kwenda chuo kikuu kusoma shahada. NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, husimamia mitaala na ithibati ya vyuo vya kati, na Baraza la Uuguzi na Ukunga husajili na kutoa leseni kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2010. Kwenye karatasi kila kitu kina msimamizi. Lakini sehemu kubwa ya miaka hiyo mwanafunzi haipitishi darasani. Huipitisha wodini, akihamishwa kutoka wodi ya watoto kwenda ya upasuaji, kutoka kliniki ya wajawazito kwenda chumba cha kujifungulia, kila mahali wiki chache, akiwa na kitabu chake cha mazoezi kinachotakiwa kusainiwa kila anapoweka kanula (mrija mwembamba wa mshipani), kuvisha kidonda au kuzalisha. Mkufunzi wake wa chuoni huja kwa nadra, na akija huja kukagua. Anayekaa naye ni muuguzi wa zamu, ambaye aliajiriwa kuuguza wala hakuajiriwa kufundisha, na ambaye asubuhi moja anaweza kukuta wanafunzi wa vyuo vitatu tofauti wamejipanga ukutani na sare zao za rangi mbalimbali, wakisubiri waambiwe la kufanya. Huyo ndiye somo. Hakuchaguliwa wala hakuandaliwa kwa kazi hiyo, na anapoifanya vizuri hapati chochote.

Katika mazingira hayo mwanafunzi hujifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni kazi: kupima, kudunga, kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake, kuandika ripoti ya zamu. La pili ni mahali pake katika ngazi ya watu. Anaitwa "wewe mwanafunzi" mbele ya wagonjwa, jina lake halijulikani hadi siku ya mwisho. Anaambiwa, "Ya chuoni yaache chuoni, hapa tunafanya hivi." Akikosea hukaripiwa palepale kitandani, mgonjwa akisikia. Anamwona daktari akimfokea muuguzi kiongozi, muuguzi kiongozi akimfokea nesi, nesi akimfokea yeye, na anapotazama chini yake kutafuta wa kumfokea anamkuta mgonjwa. Wanaelimu wameuita mtaala wa namna hii mtaala uliofichika tangu miaka ya 1960. Kwa uuguzi naona haujafichika hata kidogo, kwa sababu kila aliyepita wodini anaweza kuusimulia kwa kichwa.

Nitatoa mfano mmoja wangu. Nikiwa mwaka wa kwanza wa uuguzi, katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja, niliwahi kuandika presha za wagonjwa ambao sikuwapima. Mashine ya kupimia ilikuwa moja kwa wodi nzima, nilikuwa bado mzito wa kazi, na siku iliyotangulia nilikaripiwa vibaya kwa kuchelewesha chati kabla ya raundi ya madaktari. Nikajaza 120/80 hapa, 110/70 pale, namba za kupendeza. Muuguzi wa makamo aliyeingia zamu ya mchana alitazama chati, akanitazama, akachukua mashine na kuniambia twende tukapime pamoja. Mgonjwa wa kitanda cha nne alikuwa na 170/110, presha ya juu mno. Hakunipigia kelele. Aliniuliza ni nini kilichonifanya niandike, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanituma mwenyewe kwa daktari kueleza kwamba vipimo vya asubuhi havikuwa vya kweli. Tangu siku hiyo sijaandika namba nisiyoipima. Lakini ninachokifikiria zaidi ni yule wa jana yake, aliyenikaripia akiamini ananifunza uwajibikaji, kumbe alikuwa amenifunza kudanganya.

Jambo hili halihusu tabia yangu peke yake. Katikati ya miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali mbili akitarajia kwamba wodi zenye uongozi bora na ushirikiano mzuri zitakuwa na makosa machache. Takwimu zilimtokea kinyume: wodi hizo zilionekana kuwa na makosa mengi zaidi. Alipochimba aligundua kwamba si kwamba zilikosea zaidi, bali watu wake hawakuogopa kusema walipokosea, ilhali katika wodi za vitisho makosa yalizikwa kimyakimya. Kwa mafunzo ya uuguzi maana yake ni nzito. Mwanafunzi asiyeweza kumwambia mwalimu wake "sijui" au "nimekosea" hapungukiwi ufahamu tu. Anajenga mazoea ya kuficha, na mazoea hayo atakwenda nayo kwenye zahanati ya kijijini ambako usiku atakuwa peke yake na mama anayetoka damu.

Kuhusu lugha na ubaridi, ushahidi ni wa zamani zaidi. Isabel Menzies, aliyechunguza hospitali moja kubwa ya mafunzo jijini London na kuchapisha matokeo yake mwaka 1960, alikuta kwamba karibu theluthi moja ya wanafunzi wa uuguzi waliacha mafunzo kabla ya kumaliza. Aliona kuwa hospitali ilikuwa imejijengea kinga dhidi ya uchungu wa kukaa na wagonjwa na wafu: kazi ziligawanywa vipande vipande ili mwanafunzi asimjue mgonjwa mzima, wagonjwa waliitwa kwa viungo vyao na namba za vitanda, na wanafunzi walihamishwa wodi mara kwa mara kiasi kwamba hawakupata kumzoea mgonjwa wala mwalimu. Aliyeingia wodi yoyote ya mkoa hapa kwetu na kusikia "yule fracha wa kumi na mbili ameshapata dripu?", yaani mgonjwa aliyevunjika mfupa wa kitanda cha kumi na mbili, atajua kuwa London ya wakati ule haiko mbali. Miaka karibu 40 baadaye, mwaka 1998, Rachel Jewkes na wenzake waliuliza waziwazi kwa nini wauguzi wa huduma za uzazi Cape Town wanawanyanyasa wanawake. Jibu lao halikuwa kwamba wauguzi ni watu wabaya. Walieleza muuguzi anayepigania hadhi yake, aliyelelewa kitaaluma kuamini kwamba heshima inatokana na kuweka umbali kati yake na mgonjwa maskini, na anayeyaona makaripio na hata kofi kuwa njia halali ya kumrudisha mgonjwa kwenye mstari. Umbali huo hakuzaliwa nao. Aliuona ukifanyiwa kazi juu yake.

Upande wa pili wa shilingi ni ukuaji wenyewe wa kitaaluma, ambao hauzungumzwi sana kwa sababu hautoi video. Patricia Benner, mtafiti wa uuguzi wa Marekani aliyeandika mwaka 1984, alionyesha kwamba muuguzi hupita hatua tano tangu ugeni hadi ubingwa, na kwamba mgeni hutegemea kanuni kwa sababu hana kingine, wakati bingwa huiona hali nzima kwa mtazamo mmoja. Muuguzi mzoefu anapita kando ya kitanda na kusema, "Huyu sipendi anavyopumua," kabla mashine haijasema lolote. Ujuzi wa aina hiyo haumo kitabuni, na mdoli wa mazoezi kwenye maabara ya stadi hauna pumzi ya kutiliwa shaka. Unahama kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa njia moja tu: mzoefu akiwa tayari kufikiri kwa sauti, na mgeni akiwa huru kuuliza, "Umeona nini ambacho mimi sikukiona?" Swali hilo dogo huulizwa pale tu ambapo kuuliza hakumwaibishi mtu. Ndiyo maana wanafunzi wawili waliotoka chuo kimoja, wakafaulu kwa alama zinazokaribiana na kupata leseni siku moja, wanaweza kutofautiana sana miaka miwili baadaye. Mmoja alipata mtu wa kumwuliza.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni ya mzigo wa kazi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025 inakadiria kuwa mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 na upungufu wa milioni 5.8, na Afrika ni miongoni mwa kanda zilizoelemewa zaidi. Muuguzi mwenye wagonjwa 40 na kanula tano, watu husema, hana nafasi ya kuwa mpole kwa mgonjwa wala kwa mwanafunzi. Hoja hii ni ya kweli na sitaki kuipunguza. Lakini haielezi yote. Wodi moja, upungufu ule ule, mshahara ule ule, na bado kila mwanafunzi anajua zamu ya nani aiombee na zamu ya nani aikimbie. Tena uchovu hutufanya tuwe wafupi wa maneno. Dharau ni kitu kingine, ina misamiati yake na mbinu zake, na misamiati hufundishwa.

Hoja nyingine nzuri inatoka hapa hapa nyumbani. Mradi wa Staha uliofanyika mkoani Tanga ulionyesha kwamba asilimia 19 ya wanawake waliohojiwa wakitoka kujifungua walisema walivunjiwa heshima au kunyanyaswa, na walipohojiwa baadhi yao tena katika jamii wiki kadhaa baadaye kiwango kilifika asilimia 28. Baadaye mradi ulileta mkataba wa huduma uliokubaliwa kati ya jamii na watumishi, pamoja na utaratibu wa watumishi kuboresha kituo chao, na unyanyasaji ukapungua kwa kiasi kikubwa. Mtu anaweza kusema: basi tabia hurekebishwa kazini, vyuo viacheni. Nakubali nusu yake. Kilichofanya kazi Tanga hakikuwa semina ya kukemea. Watumishi waliketi na kuzungumza na jamii kama watu wenye akili na heshima, yaani walitendewa kwa namna waliyotakiwa kuwatendea wengine. Na ile tofauti ya 19 na 28 itukumbushe jambo: mtu aliye bado chini ya mamlaka ya kituo husema machache kuliko aliyekwisha fika kwake. Wakufunzi wanaogawa fomu za tathmini darasani na kuzikusanya kwa mikono yao walizingatie hilo.

Hoja dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo inayopendwa kuliko zote, ni ile ya wito. Inasema kwamba zamani watu walisomea uuguzi kwa wito, siku hizi vijana hukimbilia ajira, na ndiyo maana lugha imeharibika. Hoja hii ina kasoro ya wazi: haiwezi kueleza kwa nini wengi wa vijana hao huingia mwaka wa kwanza wakiwa wapole kupita kiasi, wakiwaita wagonjwa "mama" na "babu" na kulia mgonjwa wao wa kwanza anapofariki, kisha mwaka wa tatu wakawa wakavu. Kama tatizo lingekuwa malighafi, ubaya ungeonekana mapema na mafunzo yangeupunguza. Inapotokea kwamba mtu anaharibika kadiri anavyofundishwa, wa kuulizwa ni kiwanda. Zaidi ya hapo, neno wito limetumika muda mrefu kama kisingizio cha kutomlipa muuguzi na kutomsikiliza, na sasa linatumika kama kisingizio cha kutomfundisha.

Wapo pia wanaoutetea ukali. Wanawakumbuka mametroni wa zamani, ambao shuka likiwa na kunyanzi mwanafunzi alitandika upya vitanda vyote, na wanasema wodi zao zilikuwa safi na dawa zilitolewa kwa saa yake. Hapa sitaki kubishana sana, kwa sababu ukali wa kiwango na ukali wa utu ni vitu viwili. Mwalimu anayekataa kusaini kitabu hadi mwanafunzi aweze kweli kazi ile anamheshimu mwanafunzi na mgonjwa kwa pamoja. Yule muuguzi aliyenituma kwa daktari alikuwa mkali kuliko yeyote niliyepita mikononi mwake; alinidai ukweli nilipokuwa nimejiandaa kwa matusi tu.

Lakini wanaotetea ukaribu, nami nimo, tuna la kujibu. Ukaribu nao hupofusha. Mwaka 2003 Kathleen Duffy, akichunguza mafunzo ya uuguzi huko Uskoti, alionyesha kwamba wasimamizi wa wanafunzi wodini walikuwa wakiwapitisha wanafunzi wasioweza kazi, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba kumfelisha mtu uliyeishi naye wiki nyingi ni jambo gumu moyoni. Baraza la wauguzi la Uingereza, katika viwango vyake vya mwaka 2018, liliamua kuitenga kazi hiyo: mtu mmoja humsimamia mwanafunzi kila siku, na mwingine ndiye humtathmini. Kwetu sababu ya kutenganisha ni kubwa zaidi. Saini moja kwenye kitabu cha mazoezi ikiwa mikononi mwa mtu mmoja tu, uhusiano wowote ule huwa na bei. Sheria yetu ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inataja rushwa ya ngono kwa jina, na vyuo havijawahi kuwa nje ya mazungumzo hayo. Ukaribu ninaousema ni ule unaoweza kufanyika mlango ukiwa wazi, na anayeamua alama asiwe yule yule anayesikiliza siri.

Kinachofuata hapo hakihitaji mtaala mpya, na kwa kweli nina wasiwasi kwamba tukilipeleka jambo hili kwenye mtaala litageuka kipindi cha saa mbili chenye mtihani wa kuchagua jibu sahihi. Kinahitaji kwanza idadi: hospitali ikubali wanafunzi wanaolingana na wauguzi wake wa zamu, na chuo kinachodahili wengi kuliko uwezo wa wodi kinazozitumia kiulizwe na wanaotoa ithibati kwa ukali ule ule kinavyoulizwa kuhusu madarasa na vyoo. Kinahitaji wauguzi waelekezi waliochaguliwa kwa majina, wakaandaliwa, na kupunguziwa wagonjwa siku wanazofundisha. Kinahitaji wakufunzi wa vyuo warudi wodini kufanya kazi walau siku moja kwa wiki, kwa sababu mkufunzi ambaye hajagusa mgonjwa miaka kumi hana la kujibu mwanafunzi anapomwambia kwamba huko wodini wanafanya vingine. Mizunguko irefushwe, hata kama idadi ya wodi zinazopitiwa itapungua, ili watu wapate kujuana. Na wanafunzi waulizwe kuhusu waliowafundisha, baada ya matokeo kutoka, kwa njia isiyofika mikononi mwa wahusika ikiwa na majina.

Wengi wakifika hapo husema hakuna fedha. Vyuo vingi, hasa vya binafsi, tayari hulipa hospitali ada ya mafunzo kwa vitendo kwa kila mwanafunzi, na ada hiyo hutoka kwa mzazi aliyeuza mahindi au kukopa kwenye kikoba. Fedha hiyo huingia kwenye akaunti ya hospitali pamoja na mapato mengine, na kwa kawaida muuguzi aliyekesha na wanafunzi wanane chumba cha kujifungulia, akiwaelekeza jinsi ya kusoma partografu (chati ya maendeleo ya uchungu wa uzazi) huku akizalisha, haoni sehemu yake katika posho wala mstari mmoja unaomtaja katika tathmini yake ya mwaka.